Mchezo wa Kijapani Mlangoni kwa Khatib

Mimi Nunu ni mtu wa papara, nakiri. Mwaka 1975 mimi, Shemsa na kaka yake Khatib tulipanga nyumba moja ughaibuni, mtaa wa Small Heath, na ningeachiwa ningeuvunja mlango wa Khatib mapema sana. Khatib alifukuzwa kazi kiwandani, akajifungia chumba cha juu. Miezi saba hasemi na mtu. Chakula kikiwekwa mlangoni, tunakuta sahani tupu.

Shemsa hakugombana naye hata siku moja. Alikuwa mpishi hospitalini upande wa Harborne, na rafiki yake kazini alikuwa Setsuko, muuguzi wa Kijapani. Setsuko aliandikiwa barua na mdogo wake aliyekuwa kwao, akisimuliwa mchezo wa televisheni wa kila wiki: kijana kajifungia chumbani, mama analia, majirani wananong'ona. Setsuko alimweleza Shemsa, na Shemsa akirudi alikaa kwenye ngazi, akausimulia mlango wa kaka yake hadithi nzima kwa Kiswahili, akiigiza sauti za wote. Nilimcheka sana. Leo nasema wazi, sijaona mtu mwenye subira kama yule.

Jumamosi moja nikamleta Lakhbir, seremala, na mtaimbo wake. Shemsa alikuwa pale pale kwenye ngazi.

"Ngojeni kwanza nimalize," akatuambia.

Katika hadithi alikuwa amefika pale baba wa yule kijana anapouvunja mlango. Kijana anamwangukia miguuni, anaomba radhi, na kesho yake anachana nywele anakwenda kazini.

"Uwongo huo," ikasema sauti ndani.

Alikuwa Khatib. Shemsa akausogelea mlango. "Uwongo vipi, kaka?"

"Aliyetunga hajapata kujifungia. Ukimvunjia mlango, umemmaliza. Hatoki tena huyo."

"Basi angetokaje?"

Lakhbir hakujua neno la Kiswahili, lakini aliulaza mtaimbo chini taratibu.

"Yule mama angeacha kulia. Angekuja akakaa tu, kama wewe. Halafu sijui. Wiki ijayo inakuwaje?"

Shemsa alicheka huku machozi yakimtoka. "Barua haijaja. Labda Alhamisi."

"Haya. Nitangoja."

Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka. Nikamshika Lakhbir mkono, tukashuka.

Alhamisi Shemsa alirudi na barua mpya. Mlango ulikuwa umefungwa kama kawaida, ila kiti pekee cha chumba kile kilikuwa nje, kimewekewa mto, kinamsubiri.