Kamba Yao Ingali Shingoni

Ulikuwa mwaka wa wali bila mafuta. Mutu yeyote wa upande wetu, kati ya Kasongo na Lusangi, ukimwambia hivyo anajua ni mwaka gani, hana haja ya kalenda. Mafuta ya ngazi, hayo mawese, yote yalipanda pikipiki kwenda Salamabila, kwa wachimba dhahabu ambao wananunua bila kuuliza, na sisi tunaopanda hizo ngazi tukabaki na sombe, majani ya mihogo ya kuchemsha na chumvi, kijani kama mavi ya mbuzi mgonjwa, inakwama kooni. Mihogo ilioza ardhini. Mpunga ulikubali, lakini mashine ya kukoboa ilikufa, na mwenye mashine alikwenda Kindu kutafuta kipuri, akakaa huko huko. Basi tukarudia kinu na muchi kama mama zetu. Mabega yangu hayajasahau mpaka leo.

Mjukuu wangu ni muuguzi Salamabila. Naliandika hilo mapema kwa sababu napenda kuliandika. Mimi niliishia darasa la tatu, baba akasema mikono yangu inatosha, hakuna haja ya kichwa. Kusoma hakukuniacha, nilisoma katekisimu, nilisoma mifuko ya chumvi, lakini macho yalipozeeka herufi zikawa sisimizi, ukiziangalia zinatembea. Ndipo yule muuguzi wangu akaniletea tableti. Unaweka vidole juu ya kioo, unavitanua, na herufi inanenepa mpaka inakuwa kama punje ya haragwe. Nililia kidogo. Nilisema ni moshi.

Ndani yake aliniwekea vitabu. Alivinunua kwenye duka kubwa la mtandao, lile ambalo halina mlango wala muuzaji, liko nje huko kwa wenye mali, linauza kila kitu toka viatu hadi sufuria. Vya Kiswahili alivitafuta kwa taabu. Kila akipata kimoja ananipigia: Nkambo, ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, Nkambo, kingine kimeingia, ni chako. Alisema chako. Mimi nilisikia chako.

Mwaka ule wa kinu, wanawake wa jirani walikuwa wanakuja kutwanga uani kwangu kwa sababu kuna kivuli cha paa refu. Mulamu wangu, dada wa marehemu mume wangu, ndivyo tunavyoitana sisi wawili, alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kunyamaza. Siku moja nilikuwa nimekaa pembeni na tableti yangu, bega limevimba, nasoma kwa midomo kama ninavyosomaka. Mulamu akasimamisha muchi. Akasema kama kuna habari iko mule ndani isiwe ya mutu mumoja kama dawa ya tumbo. Nikasoma kwa sauti. Kilikuwa kitabu cha mjane ambaye shemeji yake aliuza shamba lake wakati yeye yuko matangani. Hakuna mwanamke uani pale ambaye hakumjua huyo shemeji. Kila mmoja alikuwa na wake.

Kuanzia hapo tukapatana bila kikao. Wao watwange mpunga wangu pamoja na wao, mimi nisome. Hiyo ndiyo ilikuwa sehemu yangu ya kazi, na sikuona haya. Nilikula wali wa sauti yangu. Mutu wa darasa la tatu, analishwa na kusoma. Nilipenda hata namna walivyopunguza mapigo pahali pa hatari, michi inashuka polepole ili wasikie.

Tulifika pale ambapo mjane amesimama mlangoni kwa yule aliyenunua shamba, amebeba panga, na mwenye nyumba anafungua. Jua lilizama, tukaacha. Mulamu aliapa kwamba mjane atakata mutu. Mwingine akasema hapana, amekuja kukata muwa wake mwenyewe, panga ni ya muwa.

Kabla hatujakutana tena nilishuka Kasongo kuuza mchele. Kwetu rezo, huo mtandao wa kupiga simu, inapatikana ukisimama karibu na kanisa, lakini rezo ya picha na vitabu iko Kasongo tu. Nilifungua tableti sokoni ili nipate picha za mjukuu katika nguo zake nyeupe. Picha ziliingia. Niliwaonyesha wauza samaki wote, hata wale ambao hawakuomba. Nikarudi nyumbani nyuma ya pikipiki, mgongo umekatika, moyo safi.

Siku ya kutwanga, wanawake walikuja mapema. Nikafungua. Picha ya juu ya kitabu ilikuwepo, lakini imefifia kama nguo iliyofuliwa sana. Nikafinya juu yake kwa kidole. Yakatoka maneno ya Kifaransa. Nikafinya tena. Mke wa katekista, anayejua Kifaransa, aliyasoma, akasema wanasema kitabu hiki hakipatikani tena. Nikamwambia kilikuwepo, mjane alikuwa mlangoni. Akasema Mama, mimi nasoma tu kilichoandikwa.

Mulamu akaweka muchi chini.

"Umekula mwisho peke yako," akasema. "Kama ile nyama ya matanga ya kaka yangu."

Wakacheka wote, na mimi nikacheka, maana ni haki yake kunitania. Lakini wiki iliyofuata alinirudishia ungo wangu wa mpunga jinsi ulivyo, na maganda yake. Akasema mwenye kusoma amepumzika, basi mwenye kutwanga naye apumzike. Nikashika muchi. Bega lilinijibu mara moja.

Nilisimama karibu na kanisa nikapiga simu Salamabila. Mjukuu alinieleza taratibu, kama anavyoeleza wagonjwa. Duka limegombana na waliotengeneza kile kitabu, likakiondoa, na likikiondoa kwake kinaondoka na kwangu, siku yoyote nitakapogusa rezo. Nikamuuliza kama aliwalipa. Alilipa. Nikasema kwa hiyo wameiba. Akasema hapana, Nkambo, iliandikwa toka mwanzo, kwa herufi ndogo ambazo hakuna mutu anasomaka: tulinunua ruhusa ya kusoma, hatukununua kitabu.

Nikamwambia basi ulinunua na kamba yao.

Kwetu Wamaza, nilikozaliwa, mutu akienda kununua mbuzi anakwenda na kamba yake. Chakula cha njia unaweza kusahau, kamba hapana. Mkiisha kupatana, muuzaji anafungua kamba yake mbele ya watu, anaikunja, anaiweka begani. Wewe unafunga yako. Hapo ndipo mbuzi anakuwa wako: akifa njiani ni wako, akizaa ni wako. Lakini ukimvuta kwa kamba ya muuzaji, hata kama umelipa, huyo mbuzi bado yuko kati yenu. Shangazi yangu alinunua jike lenye mimba, akawa hana kamba. Muuzaji alikuwa mpole sana, akamwambia nenda na yangu, utairudisha. Mbuzi alizaa mapacha. Yule mpole akaja kuchukua kamba yake, na mtoto mmoja akafuata kamba. Wazee walimpa. Shangazi alilia lakini hakubisha, kwa sababu alijua.

Nilimweleza mjukuu hayo yote kwenye simu. Akasema, "Nkambo, ndivyo hasa walivyofanya. Ninahama kwao."

Alipopata likizo alikuja, amefunikwa na matope ya njia ya Kabambare mpaka kwenye nyusi. Sikumwacha apumzike vizuri, nilimpitisha kwanza kwa majirani wamsalimie muuguzi. Kesho yake tukashuka wote Kasongo, kwa mutu mwenye kompyuta anayechaji simu za watu kwa jua, na hapo nikaona kuhama ni kazi kama kuhama nyumba wakati wa vita: hubebi unachopenda, unabeba kinachobebeka. Nilishahama hivyo toka Kabambare, najua uzito wake. Vitabu vingine havikuwa na kufuli. Hivyo vilitoka, akavitia kwenye kadi ndogo kama ukucha, akaiingiza ubavuni mwa tableti. Vingine vilifungwa. Kwa hivyo alikuwa ameandikia watengenezaji wenyewe tangu Salamabila, mmoja mmoja, kwamba nilinunua kitabu chenu kwenye duka lile, ninahama, bibi yangu anakisoma. Wengine walijibu. Mmoja alituma kitabu kikiwa uchi, hakina kufuli, akasema msalimie bibi. Nilisalimiwa na mutu ambaye sijui hata rangi yake. Wengine hawakujibu. Alinionyesha pia maduka madogo ambako ukilipa wanakupa kitabu chenyewe na hawakufuati nyumbani.

Kile cha mjane, watengenezaji hawakujibu.

Nilikuwa nimekwisha kukaa sawa na hilo. Nilikaa kwenye benchi, jasho linanitoka, nawaza kitanda changu. Ndipo tableti ikalia. Mjukuu akasoma, uso ukafunguka, halafu ukafungika. Duka na wale watengenezaji wamepatana. Mjane amerudi. Anaweza kuingia sasa hivi, mzima na mwisho wake, lakini kwanza tufinye pahali palipoandikwa nakubali. Nikamuuliza tunakubali nini. Alisoma, akasoma. Akasema tunakubali kwamba vitabu ni vyao, kwamba havitoki tena kwenye sanduku lao kwenda kwenye lingine, na kwamba wanaweza kuingia kuvigeuza au kuviondoa wakiona inafaa.

"Na nisipofinya?"

"Tunafunga konti yetu kwa duka. Vile vilivyo kwenye kadi vinabaki vyako, hakuna mutu anavigusa. Vilivyobaki kwao vinapotea. Na mjane naye."

Aliniangalia bega. Ni muuguzi, anaona vitu. Wanawake wa uani walikuwa wamemweleza habari yote, Mulamu hakuacha kitu. Akasogea karibu, akasema kwa sauti ya mtoto niliyemlea:

"Nkambo, finya tu. Umalize hadithi, wakutwangie. Tutahama mwaka mwingine. Mimi sitakuhesabia vibaya."

Yeye ndiye alikuwa ametaka kuhama. Yeye ndiye aliandika zile barua. Na sasa anataka kubaki kwa ajili ya bega langu. Mtoto mwenye moyo. Nilimtazama nikajisifu kimyakimya, halafu nikatazama kile kioo. Maneno yalikuwa yananisubiri, yamepakwa rangi nzuri, mapole sana. Kama yule mwenye mbuzi.

Nimechoka na watu wanaorudi. Hilo ndilo lilikuwa moyoni, hakuna kubwa zaidi. Maisha yangu yote mutu anakuja kuniambia kwamba kilicho uani kwangu ni changu lakini pia ni chake kidogo: mwenye bunduki kwa kuku wangu, mwenye kizuizi cha barabara kwa mchele wangu, shemeji kwa shamba. Kila mmoja ana kamba yake imebaki pahali. Na mimi nalala na sikio moja wazi, nasikiliza nani anavuta. Vitabu ndivyo vilikuwa kitu cha kwanza nilichofikiri hakuna mutu atakuja kukivuta.

"Sifinyi," nikamwambia. "Watoe kamba yao kwanza."

"Hawatatoa, Nkambo."

"Basi funga."

Alifunga. Haikupiga kelele. Mwenye kompyuta aliuliza kama tumemaliza, maana kuna wateja.

Niliporudi niliwaambia wanawake ukweli: mjane hayupo, hatarudi kwangu. Lakini viko vingine kwenye kadi, na hivyo hakuna mutu atavichukua hata nikisimama katikati ya Kasongo rezo ikininyeshea. Wengine walikubali. Nilianza kingine, cha mfuga nyuki, kizuri, lakini hakina shemeji, na michi haikupunguza mapigo pahali popote. Mpunga wangu ulitwangwa nusu. Nusu nyingine nilitwanga mimi. Mulamu alijitungia mwisho wake ambamo mjane anaolewa na aliyenunua shamba, akausambaza mpaka Lusangi kana kwamba ameusoma. Nilikasirika kuliko nilivyokasirikia duka.

Mjukuu alirudi Salamabila. Ananipigia bado, kimoja kimeingia kwenye kadi mpya, nitakutumia na mwendesha pikipiki. Siku hizi hasemi chako. Anasema, hakina kamba.

Mashine ya kukoboa ilipona baadaye na mafuta yakarudi sufuriani. Wanawake hawaji tena na michi, wanakuja tu kukaa. Juzi Mulamu alikuja na simu kubwa ambayo mwanawe amemnunulia, na ndani yake lile duka, na ndani ya duka, kwenye kioo, mjane wetu, picha yake haikufifia hata kidogo. Yeye hajui kusoma. Aliishika simu mbele ya pua yangu. Alizeeka naye, nikaona.

"Mulamu, mimi na wewe hatuna miaka ya kuchezea," akasema. "Finya hapa. Nijue kama alikata mutu au alikata muwa. Halafu nife."

Nilitaka kujua. Nisiandike uongo, nilitaka mpaka mate yakajaa mdomoni. Niliyatazama yale maneno mazuri yenye rangi, nakubali na yote, yale yale mjukuu aliyonisomea, nayajua hata bila kutanua. Nikamrudishia simu yake, nikamsogezea kiti karibu, na sahani ya wali, wenye mafuta.

"Sifinyi. Watoe kamba yao kwanza."