Orodha yangu ya zamu ilivyokaribia kumwacha mama bila kaburi, Likoni

Wakuu, hamjambo nyote. Nimepita miaka tisini na naandika kwa kidole kimoja, kwa hivyo sina nguvu za kupoteza kwa uongo. Haya yalinikuta mwenyewe.

Kila siku naona humu nyuzi za "leadership" na "tafuta purpose yako". Vijana wamevaa tai, wamekunja mikono, wanafundisha kuongoza watu ambao hawajawahi kuwabebea hata ndoo ya maji.

Nawacheka. Halafu nakumbuka nilikuwa kama wao, tena mbaya zaidi.

Ilikuwa miaka ya arubaini, vita vikubwa vimetoka kwisha. Mtaani kwetu Likoni ni mimi peke yangu niliyefika sekondari. Nilikuwa karani mjini, ng'ambo ya kivuko, viatu vinang'aa. Wakanichagua mwenyekiti wa chama cha maziko.

Ardhi ya kwetu chini ni mwamba. Kaburi halichimbwi kwa jembe peke yake, linataka mtaimbo na watu wa kupokezana. Na utaratibu haukuwepo. Ikisikika kuna maiti, Mzee Mbwana, mkulima wa mihogo, alibeba mtaimbo wake begani akaenda. Akipita, wengine wanafuata.

Mimi nikaona huo ni ushamba. Nikaandika orodha: watu wanne kwa kila siku ya wiki, hati nzuri, nikaibandika barazani msikitini. Jina langu juu kabisa: Msimamizi.

La Mbwana nikalikata.

"Mzee, umri umekwenda," nikamwambia. "Tena hujui kusoma, zamu yako utaijuaje?"

"Haya, karani," akajibu, akaenda zake shamba.

Miezi ile nilisimama kando ya makaburi na saa mkononi, nikiwahimiza watu waongeze kasi. Wallahi, sikuwahi kushika hata jiwe.

Jumatano moja, alfajiri, mama yangu akafariki.

Watu wanne wa Jumatano walikuwa wameshavuka kwenda kazini bandarini. Nikawapelekea habari, hawakuruhusiwa kutoka. Majirani walikuja, wakatoa pole, wakaketi mkekani. Nikamwendea Athumani, ambaye nyumba yake na yetu zilitenganishwa na ukuta tu.

"Mimi ni wa Ijumaa, mwenyekiti," akasema.

"Athumani, ni mama huyu!"

"Mama ni wetu sote, Mungu amrehemu. Lakini orodha ni yako. Nilipomchimbia shangazi yangu siku isiyo yangu, si ulinikemea mbele ya watu kwamba navuruga zamu?"

Ni kweli. Nilimkemea.

Adhuhuri ikapita. Mama ameshaoshwa, ameshakafiniwa, na hana pa kulala. Nikachukua jembe nikaenda makaburini peke yangu, nalia njiani kama mtoto.

Kabla sijafika nikasikia mtaimbo unagonga mwamba. Mbwana alikuwa shimoni, shimo limeshamfika magotini.

"Mzee, nani amekuita?"

"Aniite nani? Mimi simo kwenye orodha, sina siku ya kungojea. Vua viatu hivyo uingie utoe mawe."

Nikavua. Muda si muda viganja vimechubuka, na mzee hata kupumzika hapumziki. Kisha nikamwona Athumani anakuja na jembe. Nyuma yake wengine. Hakuna aliyenitazama usoni. Mama alizikwa jua likikaribia kuzama.

Siku tatu za matanga nilikaa mkekani na mikono iliyofungwa vitambaa, nikijipima. Nilichokiona hakikunipendeza. Siku ya tatu nikamuuliza Mbwana alikuwa akiwaongozaje watu miaka yote ile.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kipumbavu.

"Kuwaongoza? Mimi nilikuwa nachimba. Wao walikuwa wakiona haya."

Nikaibandua ile orodha. Tangu siku hiyo nilichimba zaidi ya miaka arubaini, mpaka magoti yakakataa. Hiyo ndiyo "purpose" yangu. Semina sikuhudhuria.

Lakini neno "nisamehe", kwa lile jina nililolikata, sikumwambia. Kiburi. Nilisema kesho, kesho, mpaka akafa.

Siku hiyo niliwahi makaburini na mtaimbo wangu, nikakuta watu wamejaa mpaka njiani, kila mmoja na chombo chake. Kuingia shimoni ilibidi niombe. Nilipewa dakika chache tu.

Haya, changieni. Wenye tai muanze: msiba wa mwisho mtaani kwenu, mlishika nini zaidi ya simu?