Toka Lini Mwanangu Akaniamkia Kiswahili?

Tapeli aliyempigia mama yangu kule kijijini Sapiwi aliponzwa na shikamoo. Alijifanya ni mimi: eti simu yangu imeharibika, nimekamatwa na polisi huku Dar, ile hela itumwe haraka kwenye namba hii. Mama alimwacha amalize, kisha akamuuliza, "Toka lini mwanangu akaniamkia Kiswahili?" Akakata.

Jioni alinisimulia huku akicheka mpaka akapaliwa. Kuanzia hapo akaweka sheria, na mimi mwenyewe sikusamehewa. Hapokei habari yoyote kabla ya salamu ya nyumbani, ya Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu." Kwema tu, mama.

Halafu mvua, halafu pamba, halafu ng'ombe, hasa yule mweupe mkorofi. Bosi ananikodolea macho, nami bado niko zizini! Nilikuwa nakereka, jamani. Siku moja nikasema, "Mama, nina haraka." Akanijibu, "Wenye haraka ni matapeli," akakata kweli. Nikabaki na simu mkononi, nacheka peke yangu.

Leo natamani aniweke hata saa nzima kwenye habari za ng'ombe.

Maana mama ameanza kusahau. Kwanza majina ya majirani, kisha njia ya kisimani. Mwaka huu dada yangu, anayeishi naye, alimkuta kwenye simu anamtajia mtu asiyemjua namba yake ya siri ya pesa, taratibu kabisa, huku akimwita "mwanangu". Dada akampokonya simu kabla hajamaliza. Laini ikafungiwa kabatini. Alifanya vizuri, simlaumu. Ila nilipoambiwa nilikaa kitandani nikalia.

Sasa naongea na mama kwa simu ya dada, Jumapili wakitoka kanisani. Jumapili iliyopita nilijitahidi, sikuruka kitu. Nikamsalimia, nikauliza mvua, pamba, hata yule mweupe ambaye tulishamuuza. Aliitikia yote, Kisukuma chake kilekile kitamu, nikaanza kupata matumaini. Tukamaliza.

"Ahsante kwa kupiga, baba," akasema. "Nina mwanangu na yeye yuko hukohuko Dar. Ukimwona, mwambie mama yake anasubiri apige."