Mangi Niliyempa Siku Tano

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa moja asubuhi, na ofisi ilifunguliwa saa tatu. Nilikaa kwenye ngazi za ghorofa ya nne, Kariakoo, nikirudia majina ya njia za kupanda Kilimanjaro kama mwanafunzi anayengoja mtihani: Marangu, Machame, Lemosho, Rongai. Utalii sikuusomea. Nilijifunza kwa simu, kwa vitabu vya kuazima na kwa kuwasumbua wapagazi kwa maswali. Mlima wenyewe nilikuwa nimeupanda mara moja tu, tena nikitapika. Nayasema haya mapema ili wewe unayeingia leo kwenye kazi hii ujue anayekufundisha ni nani: mtu aliyestaafu akiwa na miaka ishirini na saba, na hasira zake bado hazijaisha.

Nilianzia mapokezi. Baada ya miezi minane nikapandishwa kuwa mshauri wa safari. Mteja anakuletea vitu viwili, siku alizonazo na mwili alionao, na wewe unamtafutia mlima unaotosha. Mwenye Jumamosi na Jumapili tu, mpeleke Uluguru. Mwenye siku nne na miguu mizuri, mwambie kuhusu Meru. Kilimanjaro inataka siku saba, nane zikipatikana, kwa sababu mwili wa mtu wa Dar umezoea hewa ya pwani na haujifunzi hewa nyembamba kwa kuharakishwa. Ndiyo maana kuna siku ya kuzoea: unapanda kidogo, unashuka, unalala palepale ulipolala jana. Mteja huiona kama siku ya bure. Ni siku inayomrudisha nyumbani.

Mkurugenzi wetu, aliyewahi kuongoza misafara, alinifundisha mtihani wa ngazi. Lifti ya jengo ilikuwa ya mizigo tu, kwa hiyo kila mteja alipanda kwa miguu. "Msikilize anavyosalimia," aliniambia. "Akimaliza salamu bila kuhema, miguu ipo." Kisha akaongeza neno ambalo nililiandika na kulipigia mstari mara mbili: "Lakini ngazi zinapima miguu. Hazipimi mwinuko."

Baadaye Mkurugenzi akahamia Arusha, ofisi ikabaki kwa Meneja wa Safari. Meneja alikuwa na meno mazuri na haraka nyingi. Mimi aliniita Profesa wa Mtandaoni.

Siku moja akaja Mangi, kama Dar nzima inavyomwita mwenye duka aliyetoka Kilimanjaro. Alikuwa na miaka hamsini na minane, muuza vitenge wa jumla. Alipanda ghorofa nne na robota la vitenge begani, alilokuwa akimpelekea jirani yetu, na hakuhema.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kufika juu. Nina siku tano, dukani sina mtu wa kumwachia zaidi ya hapo."

Nikamwambia siku tano hazitoshi, aje mwezi atakaopata saba. Akacheka, akamgeukia Meneja. "Huyu binti ananifundisha mlima wa kwetu? Mimi nimezaliwa nauona kila asubuhi!"

"Msamehe, Mangi," Meneja akasema. "Profesa ametokea Lindi, kule kilima ni kichuguu." Wakacheka wote wawili.

"Mzee, umekaa Dar miaka mingapi?" nikauliza.

"Thelathini na moja."

"Basi mwili wako ni wa Dar."

"Damu haihami," akasema Mangi.

Meneja akanisogezea fomu. "Njia ya Marangu, toa siku ya kuzoea. Mangi akazoee nini kwao? Andika anafaa."

Hapa ndipo ninapojichukia. Mimi ni mtu wa kurudia barua mara sita kwa sababu ya nukta. Nilikuwa na daftari zima la dalili za ugonjwa wa mwinuko, nimelipanga kwa rangi. Na bado niliandika *anafaa*, nikatia sahihi, kwa sababu walikuwa wananicheka na nilitaka waache.

Asubuhi ya siku ya nne, kiongozi wa msafara alinipigia akiwa kwenye kibanda cha Kibo, mita elfu nne na mia saba. Mangi alikuwa anakohoa povu na hawezi kukaa. Wanamshusha kwa machela ya gurudumu moja. Aliniuliza swali moja tu: "Nani kampa huyu mzee siku tano?"

Nikasema, "Mimi."

Aliokoka. Alilazwa wiki tatu. Meneja hakwenda kumwona hata mara moja. Mzee aliporudi nyumbani nilimkabili Meneja; alifungua faili, akaweka kidole chini ya jina langu. "Fomu ina sahihi ya nani, Profesa?" Wiki hiyohiyo akanisogezea fomu nyingine. Mangi mwingine, muuza viatu, siku tano. Nikaandika *hafai kwa siku tano*. Akaichana mbele yangu, akachukua nyingine, akasaini mwenyewe. Nikafunga daftari langu, nikaondoka. Huko ndiko kustaafu kwangu.

Kutoka pale nilikwenda dukani kwa mzee. Alikuwa amekaa, amekonda, kijana wake anahudumia wateja. Nikamwamkia, akaitikia.

"Mwanangu, nataka kujua kitu kimoja. Siku ile ulikuwa unajua, au ulikuwa unabahatisha?"

"Nilikuwa najua, mzee."

"Na ukaandika."

"Niliandika."

"Mimi nilikuwa mjinga. Yule meneja mwizi. Wewe ndiye uliyekuwa unajua." Akaonyesha mlango. "Toka dukani kwangu."

Nilitoka. Hakunionea.

Nina hasira na Meneja, na ofisi zote zinazopunguza siku ili zimpendeze mteja. Nina hasira na wanaodhani mlima unatambua kabila la mtu. Lakini fomu haikujazwa na hao. Wewe uliyekalia meza ile sasa, atakuja mtu mwenye siku tano na kifua kipana, akucheke mbele ya bosi wako. Mkatalie. Atakutukana mpaka barabarani. Mwache akutukane, akiwa mzima.