Nati Ndani ya Leso

Juma lililopita nilirejea katika duka la vifaa nikiwa nimekasirika, na ningependa ieleweke tangu mwanzo kwamba nilikuwa na haki. Nilikuwa nimenunua spana ya kufungulia magurudumu, imeng'arishwa kama kijiko cha harusini, imefungwa ndani ya plastiki ngumu yenye picha ya mwanamume anayetabasamu. Tairi la gari langu dogo lilipopata pancha nikiwa uani kwangu, niliitia spana hiyo kwenye nati, nikaisukuma kwa uzito wangu wote, ambao si haba. Mdomo wa spana ukapanuka kama mdomo wa samaki aliyetolewa majini. Nati haikutikisika.

"Mama, hiyo ukishafungua pakiti hairudi," binti wa kaunta aliniambia, kwa adabu.

"Na nitaijuaje kabla sijafungua pakiti?"

"Si unaona picha?"

Picha! Rafiki yangu, mimi nilitumikia serikali katika masjala hadi kustaafu, na huko hatukupokea jalada lolote bila kulifungua na kulikagua. Kuambiwa ninunue chuma kwa kutazama meno ya mtu kulinipandisha damu. Nilitoka nje nipunge hewa. Ng'ambo ya barabara, fundi mmoja alikuwa akigonga kipande cha chuma kilichoning'inia, pengine akikijaribu, pengine akijifurahisha tu. Ngiii. Ngiii. Mwili ukanisisimka. Nilikuwa tena katika mtaa wa Kaloleni, msichana mwenye sauti ya kuongoza kwaya ya shule, na Jumamosi ya kwenda kuimba Bondo ilikuwa imekaribia.

Wakati huo tuliishi katika nyumba za baraza la mji, zilizobanana kiasi kwamba jirani akikaanga omena, sote tulijua kama ametia nyanya au hakutia. Asubuhi nilichota maji kwenye bomba la pamoja, nikasugua sakafu, kisha nikaosha dapi, ule mtungi mkubwa wa udongo ambamo nyanya yangu alihifadhi maji ya kunywa. Mtungi ule niliuosha kwa hofu. Nyanya aliuchagua mwenyewe sokoni, baada ya kugonga mitungi yote ya muuzaji kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, mmoja baada ya mwingine, huku muuzaji akilalamika kwamba mitungi yake si milango. Mtungi mzima huimba, nyanya alisema. Wenye ufa hunung'unika.

Mwaka huo shule yetu ilialikwa kuimba Bondo, mbele ya shule nyingine nyingi, nami ndiye niliyepewa ubeti wa kufungulia wimbo. Mwalimu wetu alikuwa amekubaliana na jirani yetu dereva atupeleke kwa pikapu yake. Nililala na wimbo, nikaamka na wimbo. Niliwaimbia bata wa jirani hadi wakahama uchochoro wetu.

Alhamisi jioni pikapu ilipata pancha ya gurudumu la nyuma. Jambo dogo, sivyo? Jirani alitoa spana yake ya zamani, iliyolegea mdomo kwa matumizi, akafungua nati zote isipokuwa moja. Hiyo ilikuwa imeshikwa na kutu. Spana ikateleza. Ikateleza tena, na safari hii pembe za nati zikaanza kumomonyoka. Jirani akachuchumaa, akaipapasa kwa kidole gumba kama daktari anayegusa uvimbe.

"Nikiteleza mara nyingine, hii imekuwa gololi," alisema. "Hapo itabidi tukate kwa patasi, na Bondo msahau."

Nilianza kulia palepale, kwa sauti ile ile ya kuongoza kwaya. Nyanya alitoka nje akifuta mikono.

"Nyathina, mwanangu, nyamaza. Kesho tutatafuta spana ya kweli."

"Dani, mimi ndiye nitachagua," jirani akasema, maana mtaa mzima ulimwita nyanya Dani, yaani bibi. "Hii si kazi ya sokoni."

"Wewe ndiye ulichagua ile inayoteleza?" nyanya akauliza.

Jirani alikwenda kwenye kopo lake la akiba, akatoa nati nzima inayofanana na ile iliyokwama, akampa. Nyanya akaifunga kwenye pembe ya leso yake, mafundo mawili. Ndivyo watu wa wakati ule walivyokwenda kununua spana: na nati mfukoni, kama vile unavyokwenda kwa fundi viatu na mguu wako.

Ijumaa nilipotoka shule tulishuka mjini sisi watatu. Duka lenyewe nalinusa hadi leo: grisi, mafuta ya taa, kamba za katani, majembe mapya yaliyopakwa rangi nyekundu. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Juu ya kaunta, pale ambapo leo wangeweka mashine ya kadi, palikuwa na vaisi, mdomo mzito wa chuma wa kubana vitu, uliokazwa kwa bolti nne. Mteja yeyote alikuwa huru kuitumia. Hakuomba ruhusa. Hakulipa kwanza.

Mwenye duka alileta spana kadhaa zilizoviringishwa kwa karatasi ya kahawia iliyolowa grisi. Nyanya akachomoa uzi kwenye pindo la kitambaa chake cha kichwani, akaifunga ya kwanza, akaining'iniza, akaigonga kwa msumari.

Ngiiiii.

Ilikuwa sauti safi, ndefu, isiyo na mkwaruzo. Zaidi ya hayo, rafiki yangu, ilikuwa ndiyo noti ya kwanza ya wimbo wangu! Niliruka. Nilianza kuimba mle dukani, mkono ukiwa hewani kama wa mwalimu.

"Winji, sikiliza!" nyanya alimwambia jirani, macho yakimwaka. "Unasikia? Hiyo ndiyo."

"Dani, hii si mtungi," jirani alisema. "Lete nati."

Akaitia nati mdomoni mwa spana, akaitikisa. Tika-tika-tika.

"Inacheza."

"Inaimba!"

"Inacheza, Dani. Sasa, unataka kufungua gurudumu ama kuimbisha kwaya?"

"Vyote viwili!" nyanya alifoka, na wateja waliokuwa wakichagua misumari wakacheka hadi mmoja akaimwaga.

Mwenye duka hakumwunga mkono yeyote. Alichukua nati yetu, akaibana kwenye vaisi, nusu yake ikiwa juu, akasema, "Vuta. Chuma itasema yenyewe."

Jirani akavuta. Spana yangu nzuri, spana yangu yenye noti, ikapanuka mdomo na kuruka, ikamwachia jirani mikono mitupu na kiwiko kilichogonga gunia la saruji. Mwenye duka akaiokota, akaitazama, akaitupa ndani ya kasha chini ya kaunta. "Hii itarudi kwa mwenye kuniletea," alisema. Hakutaja pakiti. Hakutaja picha.

Ya pili haikupendeza hata kidogo. Ilikuwa nyeusi, nene, yenye alama za tupa shingoni. Nyanya alipoigonga ilitoa kelele fupi tu: kho.

"Inakohoa kama katekista," alisema kwa dharau.

Lakini nati ilipoingia mdomoni mwake ilitulia kimya, bila tika hata moja. Jirani akaivuta kwenye vaisi hadi mishipa ya shingo ikamtoka na kaunta yote ikalia kwa uchungu. Spana haikujali. Nyanya aliichukua, akaigonga tena, akaitegea sikio kwa muda mrefu kama mtu anayesikiliza habari za mbali.

"Haya," alisema hatimaye. "Ina mafua, lakini haina ufa."

Ningeweza kuishia hapo, na jirani kwa miaka mingi aliishia hapo alipokisimulia kisa hiki, akidai kwamba ni yeye aliyechagua kila kitu siku ile. Hilo si kweli, na kumbukumbu lazima zikae sawa. Tulihitaji pia nyundo, ya kuigutusha nati iachane na kutu, na nyundo aliyoichagua jirani ilikuwa na mpini uliopakwa vanishi ya asali, mzuri wa kubembeleza. Nyanya aliugonga mpini kwa kifundo cha kidole, juu, katikati, chini.

"Huyu amekufa," alisema, akionyesha karibu na shingo.

"Dani, wacha mambo yako!"

Mwenye duka alikwangua vanishi kwa kisu. Chini yake palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, ukifuata mbao hadi kwenye kichwa cha nyundo. Pigo moja zito, na kichwa hicho kingeruka hadi kwenye bata. Jirani alivua kofia yake. Nyanya akachagua nyundo nyingine, yenye mpini mkavu usiopakwa kitu, nao ukaimba. Basi andika hivi: spana ni ya jirani, nyundo ni ya nyanya, na mimi, mwenye sikio la kwaya, nilichagua kitu kilichorudishwa kwa aliyekileta.

Tuliporudi Kaloleni jua lilikuwa bado juu na uchochoro mzima ulikuwa umejaa. Mwalimu alikuwapo. Nusu ya kwaya ilikuwapo, imepanda ukutani. Jirani alipaka mafuta kwenye nati, akaigonga kwa nyundo ya nyanya, mapigo mafupimafupi, kisha akaitia spana inayokohoa. Akakanyaga mpini wake kwa mguu mmoja. Hakuna kilichotokea. Akapanda kwa miguu yote miwili, akishikilia pikapu, akachezesha magoti. Hakuna. Mwalimu alikuwa ameshika msalaba wake shingoni.

Krrrk.

Jirani aliteremka kwa inchi chache tu, lakini uchochoro ulilipuka kana kwamba ameangusha ukuta. Nyanya alipiga vigelegele. Wavulana wa kwaya walianguka kutoka ukutani. Nami nakuambia kwa dhati, nimesikia kinanda kanisani na nimesikia bendi kwenye sherehe za taifa, lakini sauti iliyowahi kunifurahisha kuliko zote ni ile ya kutu ikikubali kushindwa.

Kesho yake tulikwenda Bondo tumejaa nyuma ya pikapu, tukitafuna nyoyo, yaani mahindi na maharagwe aliyotuchemshia nyanya, tukiimba vilima vyote. Nilifungua wimbo bila kuteleza. Hatukuwa wa kwanza, na hadi leo siukubali uamuzi ule, lakini hilo ni jalada jingine.

Sasa hawapo. Nyanya amelala nyumbani kwao, upande wa Bondo. Jirani alimfuata, na spana yake ilikwenda kwa wanawe, kama ilivyostahili. Nyundo ninayo. Duka lile linauza vifuniko vya simu, na pale palipokuwa na vaisi kuna kioo chenye taa za rangi. Kinachoniuma zaidi ni ile haki ya mnunuzi kumwambia muuzaji "inacheza" kabla pesa hazijatoka mfukoni, na muuzaji asiudhike. Tumeibadilisha kwa plastiki na picha. Sikumbuki mtu yeyote akituuliza kama tunakubali.

Lakini kitu kimoja jirani hakukumbuka kukidai. Nilipokuwa nimesimama nje ya duka juma lililopita, nikisikiliza chuma cha yule fundi, mkono wangu uliingia mkobani na kuigusa: nati ya akiba, ninayotembea nayo kila mahali, bado ndani ya leso ya nyanya, mafundo mawili. Ukubwa wake ni ule ule wa nati za gari langu. Niligeuka, nikarudi ndani, nikaiweka juu ya kaunta.

"Mama, hii ni nini?" yule binti akauliza.

"Ni mtihani," nikamjibu. "Fungua pakiti."

Aliitazama nati. Akanitazama mimi. Akachungulia nyuma kama mwenye duka yupo, kisha akatoa mkasi.

"Haraka basi, Mama."

Ya kwanza ilicheza. Ya pili ilicheza. Kufikia ya tatu wateja wengine walikuwa wametuzunguka, na bwana mmoja mwenye ovaroli alikuwa akinong'ona, "Hiyo pia atairudisha, utaona." Ya tatu, nzito, isiyong'aa, iliyokuwa imefichwa chini kabisa, iliimeza nati na kutulia kimya. Binti akanyoosha mkono aichukue, aniandikie risiti.

"Bado," nilisema.

Nilichomoa uzi kwenye pindo la leso, nikaining'iniza spana ile mbele yao wote, nikaigonga kwa ufunguo wa nyumba yangu. Duka lote lilitega sikio.

Ilikohoa. Nikalipa.