Sanduku la Mzee Hakikisha

Kwa miaka thelathini alikuwa mtunza stoo, na hakuna msumari uliotoka humo kabla hajautazama mara tatu. Wenzake wakambandika jina la Mzee Hakikisha, akastaafu nalo.

Basi siku mkewe alipotoka kwa daktari wa macho na habari kwamba presha ya macho imekwishaharibu mambo, na kwamba ataona kwa miezi michache tu, aliomba jambo moja.

"Nitafutie vifaranga, baba. Wale wa siku moja. Nyumbani kwetu tulikuwa nao nikiwa mdogo. Nataka niwaone wakikimbiakimbia kabla macho hayajaniaga."

"Umepata," akasema mzee, na neno lilimtoka moyoni. Balaa lilianzia hapohapo. Angempenda kidogo tu, angemletea kesho yake ndani ya boksi la sabuni.

Yeye akaanza na sanduku. Alilitengeneza la mviringo, maana vifaranga wakipigwa na baridi hurundikana kwenye pembe na kukosa hewa. Akatafuta maranda ya mbao, akayaanika siku nne. Ikaja taa ya joto. Zinatakiwa nyuzi thelathini na tano. Kipimajoto kikasema thelathini na tatu. Akaishusha taa upana wa kidole, zikawa thelathini na saba. Wiki mbili nzima, jamani, mtu mzima analipasha moto sanduku tupu!

Muuza vifaranga akapiga simu. "Mzee, wako wametotolewa."

"Mpe mwingine kwanza. Umeme wa huku hauaminiki, natafuta jiko la akiba."

Wiki tatu baadaye akapiga tena. Safari hiyo mzee alikuwa hajaridhika na maranda.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," mkewe akamwambia, huku akipapasa meza kutafuta kikombe kilichokuwa mbele yake.

Mzee aliuona mkono ule. Akamsogezea kikombe.

"Na haraka haraka haina baraka. Wakikufia mbele ya macho yako, je?"

Hilo ndilo lililomtisha: kwamba kitu cha mwisho mkewe atakachokiona kiwe kifo, tena kwa uzembe wake yeye.

Kundi la tatu alilipokea. Vifaranga ishirini, manjano tupu, na hakufa hata mmoja. Walikunywa maji, wakachakura, wakakimbizana kama alivyotaka. Kipimajoto kilisimama kwenye thelathini na tano barabara. Mzee akaenda chumbani kumchukua mkewe, akamshika mkono, akamketisha kando ya sanduku na kumwekea kifaranga kiganjani. Taa ilimmulika usoni hadi kila kunyanzi likaonekana.

Mama akatabasamu, akainamisha kichwa kusikiliza milio yao.

"Joto nalisikia, baba," alisema. "Sasa washa taa niwaone."