Sentimita Thelathini za Mama Rula

Watani walimwita Mama Rula. Shangazi yangu alisoma kipimo cha ziwa kwa miaka ishirini na miwili: ubao mweupe wenye mistari, uliosimikwa majini. Kila asubuhi alivua viatu, akaingia, akasoma, akaandika daftarini, kisha akapiga simu ofisi ya bonde, wanaogawa maji ya mto. Ukimtania kwamba analipwa kwa kutazama maji, alikuuliza wewe unalipwa kwa kutazama nini.

Ziwa letu halina mlango wa kutokea. Mito inaingia, jua linakunywa, basi. Na siku hizi mvua haina adabu, inakuja inapotaka. Kwa hiyo namba ya shangazi ndiyo iliyoamua lini mifereji ya mashamba ya juu ifungwe ili mto ufike ziwani.

Mwaka ule maji yaliukimbia ubao. Shangazi akausogeza mbele, kwenye kina, sentimita thelathini chini ya pale pa zamani. Zile thelathini zilipaswa kutolewa kwenye kila kipimo. Akasahau. Wiki hiyohiyo ilinyesha, ofisi ikadhani ziwa limepanda kwa mvua, mifereji ikabaki wazi. Aligundua baada ya wiki sita, alipokuta wavuvi wanaburuta mitumbwi kwenye tope ilhali daftari linasema maji ni mengi.

Mfereji wa kwanza kufungwa ungekuwa ule uliomwagilia vitunguu vya baba yangu, mdogo wake wa kuzaliwa. Shangazi alikuja kumwambia baba kabla ya kuiambia ofisi. Nilikuwa jikoni namenya viazi, nikiwasikia.

"Wiki tatu tu, dada," baba alisema. "Yaliyopita si ndwele. Vitunguu vikishakomaa, ndipo usahihishe. Nani atajua?"

"Mimi nishajua."

"Na hawa wanangu watakula daftari lako?"

Shangazi alilia. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia. Kisha akapiga simu palepale, akasema kosa ni lake.

Mfereji ulifungwa kesho yake. Tulivuna vitunguu vidogo kama punje za kitunguu saumu. Nilimchukia, sitadanganya. Baba hakukanyaga kwake miaka minne, na ziwa lenyewe halikurudi hata hatua kumi.

Shangazi alipougua, baba alikwenda. Alimkuta hawezi kushika kikombe, akaketi kitandani, akawa anamnywesha chai kwa kijiko.

"Bado umenikasirikia?" shangazi aliuliza.

"Ndiyo," baba akasema. Akamfuta kidevu, akachota kijiko kingine.